Gari ya zamani inazimazima njiani: jua ugonjwa kabla hujanunua spea

Haipiti wiki sijaulizwa: "Gari yangu inazima yenyewe, nibadilishe pampu?" Mwingine ameanza na plagi. Mwingine kashanunua distribyuta (kigawa moto wa plagi) ya mtumba, kashaifunga, na gari bado inamzimia pale pale. Mimi huuliza swali moja tu: inazima lini? Wengi hukosa la kusema. "Inazima tu, bwana." Nimechoka kurudia maneno yale yale kwenye simu, kwa hiyo nimeyaandika hapa hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kugusa chochote chini ya boneti zaidi ya kutia maji.

Maelezo haya ni ya gari za petroli, khasa Toyota na Suzuki za Japani zilizojaa Unguja na Pemba: Corolla, Starlet, Escudo, RAV4, Noah, za miaka ya 1990 mpaka miaka ya mwanzo ya 2000. Dizeli ina mambo yake, siigusi hapa. Mimi niko Chake Chake. Si fundi wa kusomea. Nimeendesha teksi miaka mingi kwa gari kuukuu, na niliyonayo nimeyapata ukingoni mwa barabara, boneti imefunguliwa na abiria ananuna.

Nadharia ni mistari miwili. Injini inataka mafuta, moto wa plagi na hewa, kila kimoja kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Ikizima, kimoja kimekosekana, au kompyuta ya gari imedanganywa na sensa (kipimaji) ikadhani kimekosekana.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Usicheke, hiki ndicho chombo cha kwanza.
- Mita ya umeme ya dijitali, hata ile ya bei rahisi.
- Spana namba 10, 12 na 14, spana ya plagi, bisibisi bapa na ya nyota, koleo lenye mpini wa plastiki.
- Msasa laini na brashi ya waya.
- Kopo la dawa ya kusafishia throtoli (mlango wa hewa wa injini).
- Chupa tupu ya maji, ile inayoonyesha ndani.
- Kipande cha waya cha urefu wa kiganja, ncha zote mbili zimemenywa.
- Plagi moja nzima ya akiba.
- Tochi, kitambaa kikavu, na ndoo ya mchanga au kizima moto. Petroli si jambo la mchezo.
- Mtu wa pili wa kukupigia stata. Kijana wa jirani anatosha, muhimu asikie unapomwambia "zima!"

Ikikuzimia ukiwa mwendoni

Nalitanguliza hili kwa sababu linaua. Injini ikizima, usukani na breki vinakuwa vizito lakini bado vinafanya kazi. Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu, na usiachie. Ukipigapiga pedeli, ile akiba ya mvuto wa hewa kwenye sevo (kisaidizi cha breki) inaisha kwa mikanyago miwili mitatu na breki inakuwa kama kukanyaga jiwe. Jisogeze kushoto, washa taa za tahadhari. Usirudishe ufunguo hadi mwisho na kuuchomoa gari ikiwa bado inakwenda, usukani utajifunga. Gari ya otomatiki iweke N, hapo unaweza kupiga stata bila kusimama.

Hatua kwa hatua

1. Andika inazima lini, na inazimaje.

Wiki nzima, kila ikizima, andika: saa ngapi, injini ilikuwa baridi au imeshapata moto, ulikuwa umesimama au kwenye kilima, AC ilikuwa imewashwa, mafuta yalikuwa kiasi gani tangini, mvua, barabara mbovu, na ilichukua muda gani kuwaka tena. Watu wanaona huku ni kupoteza wakati. Lakini siku ya nne au ya tano unasoma daftari na unakuta mara tano kati ya sita gari imezima baada ya dakika 40 za mwendo, na mara zote imewaka tena baada ya kupoa. Umeshapunguza nusu ya kazi na hujachafua mikono.

Angalia khasa namna inavyokufa. Ikizima ghafla, kama mtu kauzungusha ufunguo, shuku umeme: moto wa plagi, sensa, waya, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi. Ikianza kukohoa, ikakosa nguvu, ikajikongoja mita 100 ndipo ikafa, shuku mafuta. Ikitetemeka kwenye sailensa (injini inaunguruma na hujakanyaga mafuta) na kuzima ukisimama tu, shuku hewa.

Na kama dashibodi yako ina mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), huo ni shahidi wa bure. Gari ikizima huku bado inabiringika na gia imo, injini inazungushwa na magurudumu. Mshale ukishuka polepole pamoja na mwendo, kompyuta bado inaiona injini ikizunguka, kwa hiyo tafuta mafuta. Mshale ukianguka sifuri papo hapo gari ikiwa bado inakwenda, alama ya mzunguko (ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka) au umeme wa moto wa plagi umekatika. Hiyo nenda nayo hatua ya 6 na 7.

2. Betri, vichwa vyake, na nyaya za ethi (za hasi, zinazofungwa kwenye bodi na injini).

Hapa kwetu ndipo pa kuanzia, hata kama daftari linasema mengine. Tumezungukwa na chumvi. Gari iliyolala Nungwi, Kizimkazi au Mkoani karibu na bandari inakula hewa ya bahari usiku na mchana, na chumvi haianzi kwenye bodi unayoiona, inaanza kwenye viunganishi vya umeme usivyoviona.

Zima gari. Shika vichwa vya betri kwa mkono: kikizunguka hata kidogo, umepata ugonjwa wa kwanza. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, safisha kwa brashi mpaka chuma king'ae, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Halafu fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Fungua hizo bolti, piga msasa chini yake, kaza, paka grisi juu.

Sasa pima. Gari ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwa inaunguruma, isome kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya 13, altaneta haichaji na gari inakula betri mpaka inazima. Kisha weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwengine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi una ugonjwa, hata kama kwa nje unameta.

Nina sababu ya kung'ang'ania jambo hili. Corolla yangu ilinizimia mara tatu kati ya Chake na Mkoani, siku moja ninakimbilia boti, nina mzee wa watu nyuma na mzigo wake wa karafuu. Fundi mmoja akabadilisha pampu. Haikusaidia. Akabadilisha plagi na nyaya zake. Haikusaidia. Distribyuta ya mtumba, pesa ikatoka, gari ikaenda siku mbili, ikazima. Mwisho nikakaa mwenyewe nyuma ya nyumba baada ya Alasiri, nikachana ile plastiki nyeusi iliyofunika waya wa ethi karibu na gia. Ndani hamkuwa na waya. Mlikuwa na unga wa kijani, na nyuzi za shaba zilizokatika nilipozigusa, kama makumbi yaliyooza. Nyuzi sita au saba tu ndizo zilizokuwa zinabeba gari nzima. Injini ikipata moto na kutikisika, zinaachana. Waya mpya haukufika bei ya plagi moja.

3. Soma kodi (namba za makosa) za kompyuta.

Toyota za miaka ya 1990 hazihitaji mashine. Chini ya boneti, mara nyingi ubavuni karibu na betri au nyuma ya injini, kuna kijisanduku chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukikifunua, ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Tafuta TE1 na E1.

Unganisha hayo mawili kwa kipande chako cha waya, AC imezimwa, mguu haugusi mafuta. Washa ufunguo bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: fungu la kwanza ni makumi, la pili ni mamoja. Mpepeso mmoja, kituo, mipepeso mitatu, hiyo ni 13.

Zinazohusu kuzima ni hizi zaidi: 12 na 13 ni alama ya mzunguko wa injini, inayotoka ndani ya distribyuta au kwenye sensa ya kranki (mhimili mkuu wa injini). 14 ni ignaita, swichi ya umeme inayoamrisha moto wa plagi. 22 ni sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya hewa, mafundi wanaiita eaflo. 41 ni sensa ya throtoli. 42 ni sensa ya spidi.

Onyo: kodi haikwambii ununue sensa. Inakwambia njia ile ina tatizo, na njia ni sensa, waya na kiunganishi. Chomoa kiunganishi, tazama ndani kama kuna kijani au maji, kisafishe, kirudishe. Futa kodi kwa kuchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika ufunguo ukiwa umezimwa, endesha siku mbili, soma tena. Nusu ya kodi 31 nilizoziona hazikurudi. Na usiingize waya tundu jingine kwa kubahatisha. Gari zilizokuja baadaye, zenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, mpelekee mwenye mashine. Tahadhari: mashine ndogo za bluetooth hazisomi gari zote zilizotengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo ikikataa usidhani kompyuta imeungua.

4. Hewa.

Toa ea klina (chujio la hewa), ipige chini, itazame juani. Ikiwa haipitishi mwanga, badilisha. Hiyo ni rahisi.

Baada ya hapo fuatisha bomba kubwa la mpira kutoka kwenye ea klina mpaka kwenye throtoli. Likunje kwa mikono, tazama ndani ya mikunjo. Mpira wa miaka 25 kwenye joto letu hupasuka chini, mahali jicho halifiki, na ufa hufunguka injini inapotikisika. Fanya vivyo hivyo kwa mipira midogo ya hewa: wa sevo ya breki, wa vali ya moshi wa injini, na ile mingine myembamba. Uliolegea kata ncha yake sentimita moja uurudishe, uliokauka badilisha.

Halafu safisha throtoli. Injini ikiwa baridi, toa lile bomba kubwa, utaona kisahani cha shaba au aluminiamu na ukingo mweusi wa masizi. Puliza dawa kwenye kitambaa na ufute, usimiminie kama unaosha sufuria. Masizi hayo hayo huziba vali ya sailensa, ile inayoipa injini hewa ukiwa hujakanyaga mafuta. Kama unaweza kuitoa kwa skrubu zake, isafishe mpaka kishina chake kitembee bila kukwama. Ikiwa throtoli yako ni ya umeme haina kebo, usiisukume kwa kidole ufunguo ukiwa umewashwa, utaiharibu gia ya ndani, na kidole pia.

Sailensa nzuri kwa injini iliyopata moto ni kama mizunguko 650 mpaka 800 kwa dakika. Ukiona fundi ameipandisha mpaka 1,200 na kukwambia "imepona", hajaponya kitu. Amekufichia.

Wapo wanaotafuta uvujaji wa hewa kwa kupuliza dawa ya kopo kwenye injini inayounguruma. Inafanya kazi, na inawaka moto vilevile ikigusa ekzosi. Mimi hutumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia: mlio wa injini ukibadilika, hapo ndipo.

5. Mafuta.

Anza na kifuniko cha tangi. Gari ikizima baada ya mwendo mrefu, kabla ya kitu chochote fungua kifuniko. Ukisikia "fyuuu" ndefu ya hewa kuingia, na gari ikawaka mara moja, tangi halipumui. Nimeona mtu kanunua pampu mbili kwa tatizo la kifuniko.

Kisha chota petroli kidogo kwenye ile chupa, iache dakika 20 kivulini. Petroli inakaa juu, maji yanazama chini na utaona mstari. Hii ifanye khasa ukiwa umenunua mafuta ya chupa au ya dumu njiani shamba. Dada mmoja wa Wete aliniletea Escudo inayozima kila kilima. Chupa yake ilikuwa na kidole kizima cha maji chini, na juu ya maji yale vijichanga. Tulikausha tangi, tukabadilisha filta, basi.

Filta ya petroli, kama hujui ilibadilishwa lini, badilisha. Achia presha kwanza: chomoa fyuzi au rilei ya pampu, acha injini izime yenyewe, ndipo ufungue bomba, kitambaa mkononi. Usivute sigara, na asiwepo anayevuta.

Sasa pampu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile pampu haiungurumi ukiwasha ufunguo tu, inasubiri stata. Suzuki huunguruma sekunde mbili tatu ikanyamaza. Kwa hiyo kimya cha Toyota si ushahidi. La pili: kompyuta ikikosa alama ya mzunguko, inaikatia pampu umeme makusudi. Fundi anapiga stata, anasikiliza tangini, kimya, anasema "pampu imekufa". Pampu haina kosa, haikuamriwa.

Namna ya kujua: kwenye kile kijisanduku cha DIAGNOSTIC tafuta FP na +B. Ziunganishe kwa waya wako, washa ufunguo. Pampu nzima itaunguruma mfululizo, uisikie ukiweka sikio kwenye mdomo wa tangi. Ikiunguruma hapo na kukataa kwenye stata, rudi kwenye rilei na alama ya mzunguko. Ikikataa hapo pia, pima kama umeme unafika kwenye soketi yake kabla hujaihukumu.

Na tafadhali, tuache ule mtindo wa kutia mafuta ya elfu tano taa ikishawaka. Pampu iliyomo ndani ya tangi inapozwa na petroli yenyewe. Ikikaa hewani kila siku inachoka, inapata moto, inagoma, ikipoa inarudi.

6. Moto wa plagi.

Toa plagi moja moja na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Kahawia kavu ni salama. Nyeusi ya masizi makavu, mafuta ni mengi mno. Nyeupe kabisa, mafuta machache au hewa inavuja. Nyevu ya petroli, haipigi. Nafasi ya ncha iwe 0.8 mpaka 1.1 milimita, kufuatana na injini yako.

Gari ya distribyuta: fungua kifuniko chake, futa kwa kitambaa kikavu, tazama kwa tochi kama kuna ufa mwembamba mweusi au unga mweupe wa chumvi kwenye vishina. Kisha ngoja usiku. Zima taa za uani, acha injini iungurume, nyunyiza ukungu wa maji kwenye nyaya za plagi. Penye uvujaji utaona vicheche vya buluu vikicheza. Usishike waya wowote wakati huo, volti zake ni maelfu.

Kupima moto: weka plagi ya akiba kwenye mwisho wa waya, ishikilie kwa koleo lenye plastiki huku chuma chake kikigusa injini, mbali na petroli, mwenzako apige stata. Cheche iwe ya buluu na yenye sauti. Ya manjano dhaifu ni koili (inayokuza umeme wa plagi) inayochoka, au ethi ile ile ya hatua ya 2.

7. Iache izime, uwe tayari.

Ugonjwa wa gari iliyopata moto hauonekani asubuhi ikiwa baridi. Endesha mpaka izime, ukiwa na vifaa na mwenzako. Sehemu nzuri ni uwanja au njia isiyo na gari. Ikizima una dakika chache kabla haijapoa, kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kuvurugika:

- Fungua kifuniko cha tangi, sikiliza.
- Piga stata ukitazama mshale wa RPM. Usipotikisika kabisa, alama ya mzunguko haipo.
- Pima moto kwa plagi ya akiba.
- Kama moto upo, unganisha FP na +B, sikiliza pampu.

Kama moto haupo, zima ufunguo, weka kitambaa kilicholowa maji na kukamuliwa vizuri juu ya ignaita au koili, subiri dakika mbili, jaribu. Ikiwaka, umemshika mwizi. Isipowaka mpaka nusu saa ipite, na mshale wa RPM ulikuwa umelala, shuku sensa ya kranki au ile iliyomo ndani ya distribyuta.

Bado inazima? Tazama hapa

*Inazima ukiwasha AC.* AC ni mzigo, na gari inatakiwa kujipandisha sailensa yenyewe. Rudi kwenye vali ya sailensa na masizi. Kama inazima ukikata usukani unapoegesha, sababu ni hiyo hiyo au swichi ndogo kwenye pampu ya usukani.

*Inazima ukikanyaga breki.* Sikiliza mguuni. Ukisikia "sss", sevo ya breki inavuja hewa. Hili usiliahirishe, ni breki.

*Otomatiki inazima ukisimama, kama gari ya gia uliyosahau kukanyaga klachi.* Klachi ya ndani ya gia imeng'ang'ania. Fundi wa gia, si wa injini.

*Inazima unapokaribia kusimama, na saa ya spidi haifanyi kazi.* Kuna waliokata waya wa spidi ili kilomita zisisonge wapate kuuza. Kompyuta inaitumia alama hiyo kuiandaa sailensa. Unganisha.

*Inazima kwenye tuta au shimo.* Kitu kimelegea. Injini ikiunguruma, tikisa ufunguo kwenye swichi, kisha rilei moja moja, kisha vishada vya nyaya. Na punguza ule mzigo wa funguo kumi na kidude cha ukumbusho, unaila swichi.

*Inazima wakati wa masika tu.* Maji kwenye distribyuta, nyaya za plagi au kompyuta. Inua kapeti upande wa abiria, kama kuna unyevu, tafuta mpira wa kioo unaovuja.

*Inazima asubuhi tu, ikipata moto imepona.* Sensa ya joto la maji, au vali ya sailensa. Kwa gari ya kabureta, choki.

*Noah yenye maandishi D-4.* Hizi hupuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo njia ya hewa haioshwi na petroli na masizi hujaa. Safisha throtoli kila mara. Lakini bomba la pampu ya presha kubwa juu ya injini usiliguse, presha yake inapasua ngozi.

*Ilikuwa nzima, nimefungua betri sasa inazima.* Kompyuta imesahau sailensa yake. Iwashe, iache iungurume dakika 15 bila AC, kisha endesha taratibu. Ikiendelea siku ya pili, ndipo urudi hatua ya 4.

Ukifika mwisho na hujapata, mpelekee fundi daftari pamoja na gari, mwambie ulivyopima na ulichokuta, si unachotaka kibadilishwe. Ukinunua spea ya mtumba, kubaliana na muuzaji kabla hujalipa kwamba ukiifunga na haikusaidia utairudisha, na uipige picha namba zake mbele yake. Na kama ugonjwa wake ni wa injini iliyopata moto, usiipeleke gari asubuhi. Zunguka nayo kwanza mpaka mshale wa joto utulie mahali pake, ingia gereji injini ikiunguruma, na usiizime mpaka fundi awe ameshafungua boneti.